Kocha Mkuu wa Timu ya Wanawake Chuoni: Kazi na Ngazi Zake katika Wilaya za Korogwe na Handeni

Mhadhara huu unahusu maisha ya kazi ya kocha mkuu wa timu ya wanawake ya mpira wa miguu katika chuo, na umechagua wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, Korogwe na Handeni, kwa sababu kila moja ina chuo cha aina yake: Korogwe kuna chuo cha ualimu cha serikali, ambako vijana husomea kazi ya kufundisha, na Handeni kuna chuo cha maendeleo ya wananchi, ambako watu waliokosa masomo au kuyakatiza njiani hujifunza stadi za mikono za kuwawezesha kujitegemea. Miji hiyo miwili imeunganishwa na barabara ya lami ya takribani kilomita 65, lakini vyuo vyake vinatofautiana sana kwa umri wa wanachuo, kwa muda wa masomo na kwa sababu inayomtoa msichana bwenini saa kumi jioni kwenda uwanjani. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba kazi ya kocha huyu haipimiki kwa vikombe, kwa kuwa timu yake huvunjika kabla haijakomaa. Anachokiacha ni watu waliojifunza kwake namna ya kuwafundisha wengine, na hesabu ya watu hao haiwekwi na mtu yeyote.

Katika klabu ya Ligi Kuu, kocha mkuu ni mwajiriwa mwenye mkataba anayeongoza benchi la ufundi, yaani jopo la kocha msaidizi, kocha wa makipa, daktari wa timu, meneja na mtunza vifaa. Chuoni hakuna jopo. Mtu huajiriwa kuwa mkufunzi wa Baiolojia, Kiswahili au Elimu kwa Michezo, kisha mkuu wa chuo humkabidhi michezo kama anavyomkabidhi mwingine ulezi wa bweni au usimamizi wa shamba la chuo, na tangu siku hiyo mkufunzi huyo ndiye anayepanga kikosi, anayepuliza filimbi mazoezini, anayehesabu jezi baada ya mechi na anayeandika barua ya kuomba nauli ya kwenda mashindanoni. Vipindi vyake darasani havipungui kwa sababu hiyo, na mshahara wake unabaki ule ule wa mkufunzi. Akihamishwa, kama watumishi wa umma wanavyohamishwa, anaweza kukuta huko aendako michezo ina mwenyewe, na ukocha wake ukakatika siku alipopokea barua ya uhamisho. Ndiyo maana ni vigumu kuandika wasifu wa kocha wa chuo kwa mtindo uliozoeleka kwa makocha wa klabu, wa kufuata msimu baada ya msimu na nafasi ya timu katika msimamo wa ligi.

Historia ya mpira katika eneo hili inaanza, kwa namna inayofaa kukumbukwa, na walimu. Shule ya Kiungani, Unguja, iliyoendeshwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo katika pwani hii ambapo soka lilichezwa katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na vijana walioandaliwa hapo kuwa walimu walipelekwa Magila na vituo vingine vya maeneo ya Bonde na Uzigua. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakatanda kandokando yake, na mpira ukapata wachezaji wapya miongoni mwa manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotoka mbali kuja kukata mkonge. Mpira uliosafiri kwa njia hizo ulikuwa wa wanaume. Wasichana walipewa netiboli, ambayo kwa Kiswahili sanifu huitwa mpira wa pete, na mgawanyo huo ukakaa katika ratiba za shule kwa vizazi kadhaa hata ukaonekana kuwa ni maumbile badala ya uamuzi wa watu.

Mgawanyo huo umelegea polepole, na si kwa mstari ulionyooka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule za msingi na za sekondari, yanayojulikana kwa vifupisho UMISHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa na serikali, yakarejeshwa baada ya awamu ya nne kuingia madarakani, na katika miaka hiyo kundi zima la watoto lilipita shuleni bila kupanda jukwaa lolote la michezo. Hata hivyo timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilifuzu fainali za Afrika za mwaka 2010 nchini Afrika Kusini ikiwa chini ya Charles Boniface Mkwasa. Ligi ya wanawake ya taifa ilianza msimu wa 2016/17 na Mlandizi Queens ikawa bingwa wa kwanza. Na mwaka 2022 timu ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda Kombe la Dunia nchini India, ikaifunga Ufaransa mabao 2-1 na kufika robo fainali. Msichana anayeingia chuo cha ualimu leo alikuwa bado shuleni matokeo hayo yalipotangazwa redioni, na kocha wake hahitaji tena kuanza kwa kumthibitishia kwamba mwanamke anaweza kucheza. Anahitaji kumfundisha kucheza, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Ugumu wa kwanza ni wa kalenda. Stashahada ya ualimu huchukua miaka miwili au mitatu kutegemea aina ya kozi, na ndani ya muda huo mna likizo, mitihani na mazoezi ya kufundisha kwa vitendo, ambayo wanachuo huyaita kwa kifupi BTP, ambapo chuo kizima hutawanyika katika shule za jirani kwa majuma kadhaa. Mwaka wa kwanza mchezaji anajifunza. Mwaka wa mwisho anaelekea mtihani na akili yake haipo tena uwanjani. Kati ya hapo kuna dirisha jembamba ambamo timu inaweza kuitwa timu, na mara nyingi dirisha hilo halilingani na tarehe za UMISAVUTA, mashindano ya michezo na sanaa ya vyuo vya ualimu. Klabu inayompoteza mshambuliaji humsaka mwingine kwa usajili, lakini kocha wa chuo hana usajili: anapokea waliopangiwa chuo hicho na mamlaka za elimu kwa alama zao za kidato cha nne au cha sita, na katika orodha hiyo anaweza kukuta wasichana watano waliowahi kuvaa njumu, yaani viatu vya mpira vyenye meno chini, na mamia ambao hawajawahi.

Kutokana na hali hiyo, kocha mwenye busara hajengi timu kwa kuwazunguka wale watano. Vyuo vingi hufanya hivyo, vikishinda mwaka mmoja kwa mguu wa msichana aliyetoka shule yenye soka, kisha vikianguka mwaka unaofuata baada ya yeye kuhitimu. Njia ya pili ni ndefu na haina sifa, nayo ni kuwafundisha wote misingi mitatu: kutuliza mpira, kupiga pasi fupi kwa upande wa ndani wa mguu, na kujua mahali pa kusimama mwenzako anapokuwa na mpira. Mwanachuo wa miaka ishirini anayejifunza kutuliza mpira kwa mara ya kwanza ana faida moja ambayo mtoto hana. Anaweza kuelezwa sababu. Akiambiwa alegeze kifundo cha mguu kidogo pale mpira unapofika ili usimrukie, anaelewa, anarudia, na kesho yake anamweleza mwenzake kwa maneno yake mwenyewe. Na pale anapomweleza mwenzake ndipo kazi halisi ya kocha wa chuo cha ualimu inapoanza kuonekana.

Inafaa kulitazama zoezi la jioni moja kwa karibu. Vifaa vya kawaida ni mipira michache kuliko wachezaji, koni zilizotengenezwa kwa chupa za plastiki zilizokatwa na kujazwa mchanga, filimbi, na jezi za rangi mbili za kutofautisha pande. Dakika ishirini za mwanzo, ambazo makocha wengi huzitumia kuwakimbiza wachezaji kuzunguka uwanja, ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote kwa timu ya wanawake. Goti la mwanamke anayecheza mpira liko katika hatari zaidi ya mara mbili kuliko la mwanamume kwa upande wa kukatika kwa kano iliyo ndani ya goti, ile inayoushikilia mfupa wa paja na ule wa muundi isiachane mtu anapogeuka ghafla au anapotua baada ya kuruka. Kano hiyo ikikatika, matibabu yake mara nyingi ni upasuaji ambao haupatikani Korogwe wala Handeni, na kwa mchezaji wa kawaida safari ya mpira huishia hapo. Shirikisho la soka la dunia, FIFA, lilishiriki kutayarisha utaratibu wa kupasha mwili uitwao 11+, wenye mazoezi 15 yaliyogawanywa sehemu tatu: dakika nane za kukimbia taratibu na kunyoosha viungo, dakika kumi za kujenga nguvu ya tumbo na mapaja, kuruka na kusimama kwa mguu mmoja, na dakika mbili za kukimbia kwa kasi na kubadili mwelekeo. Utafiti uliofanywa Norwei kwa wachezaji wasichana zaidi ya 1,800 na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba majeraha mabaya yalipungua kwa karibu nusu katika timu zilizoufuata. Utaratibu huo wa 11+ hauhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira na sehemu ya kujilaza. Kocha asiyekuwa na bajeti akifanya jambo hili moja mara mbili kwa juma, na akasimama kuangalia kama goti la mchezaji linaangukia ndani wakati wa kutua, atakuwa amefanya zaidi ya yule aliyenunua jezi mpya.

Baada ya hapo huja mazoezi ya makundi madogo, watu wanne dhidi ya wawili ndani ya mraba wa hatua kumi, kisha mchezo wa nusu uwanja, na saa kumi na mbili kasoro wachezaji wanatakiwa kuwahi bwenini kuoga na kula. Katika hatua hii hali ya mahali huingia. Handeni ni wilaya iliyojulikana kwa muda mrefu kwa shida ya maji, na bomba kubwa linalopandisha maji kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe lilisubiri ukarabati kwa miaka mingi, hadi mji wa Handeni ulipoingizwa katika mradi wa maji wa miji 28. Timu ya wanaume inaweza kumaliza mazoezi ikaenda zake na vumbi. Timu ya wanawake ambayo haina uhakika wa maji ya kuoga itapoteza wachezaji polepole, bila mtu yeyote kusema sababu, na kocha asiyeuliza atadhani ni uvivu. Upande wa Korogwe tatizo hugeuka wakati wa masika, pale viwanja vya bondeni vinapokuwa tope na mpira unakataa kutembea ardhini.

Mambo mengine mawili yanamhusu kocha huyu kuliko mwenzake wa wanaume. La kwanza ni mavazi. Wasichana wengi wa Tanga ni Waislamu na wengi wao hawako tayari kuvua ushungi ili wacheze; sheria za mpira zilibadilishwa mwaka 2014 kuruhusu kufunika kichwa, kwa masharti kwamba kitambaa kibane vizuri na kisiwe na pini, hivyo kocha anayemkatalia mchezaji mwenye ushungi na suruali ndefu ndani ya bukta anatunga sheria yake mwenyewe. Jambo la pili ni hedhi, ambayo huondoa mchezaji mazoezini siku kadhaa kila mwezi pale ambapo hakuna taulo za kike, hakuna choo karibu na uwanja, na kocha ni mwanamume asiyeweza kuambiwa. Makocha wanaofaulu humteua mwanachuo mmoja mkubwa au mlezi wa bweni kuwa mtu wa kuambiwa, naye humwambia kocha neno moja tu, kwamba fulani leo atafanya mazoezi mepesi. Utaratibu huo hauna gharama, na haumo katika vitabu vingi vya ukocha kwa sababu vingi viliandikwa kwa ajili ya wanaume.

Chuo cha maendeleo ya wananchi cha Handeni kinatoa sura nyingine. Vyuo vya aina hii, ambavyo kwa kifupi huitwa FDC, vilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden na kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya nchi hiyo, vikaenea katika wilaya nyingi hadi vikazidi hamsini, na mwaka 2016 vikahamishiwa Wizara ya Elimu kutoka iliyokuwa wizara ya maendeleo ya jamii. Shirika la Karibu Tanzania, linalojulikana kama KTO, limefanya kazi na vyuo hivyo kwa miaka mingi, na kwa kushirikiana na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, likaanzisha mradi wa Mpira Fursa, unaotumia soka la wanawake na wasichana ndani ya vyuo hivyo na katika shule za msingi zilizo jirani navyo. Jina la mradi linaeleza nia yake: mpira uwe mlango wa mafunzo, wa kujiamini, na kwa wachache wa ajira. Kuna mwendo wa kufurahisha katika habari hii, kwamba wazo lililotoka Sweden kuja vijijini kwetu lilikuwa la elimu ya watu wazima, na mwaka 2022 mchezaji Aisha Masaka akaenda upande wa pili, kutoka Yanga Princess kwenda kuichezea BK Häcken ya huko huko.

Tofauti kubwa ya chuo cha namna hii ni kwamba baadhi ya wachezaji ni mama. Mpango mwingine wa KTO, Elimu Haina Mwisho, ulilenga wasichana walioacha sekondari kwa sababu za ujauzito au umaskini, ukawapa nafasi ya kumalizia masomo na kujifunza stadi ndani ya FDC, huku watoto wao wakilelewa hapo hapo chuoni. Na Novemba 2021 serikali yenyewe ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Kocha wa timu yenye wachezaji wa aina hiyo hupanga mazoezi kwa kufuata saa za kunyonyesha. Anajua kwamba mama aliyejifungua hivi karibuni hapaswi kurukaruka kabla misuli ya nyonga haijarudi, kwamba mtoto akiugua mchezaji wa kiungo hayupo, na kwamba kuna siku mtoto atakaa kwenye mkeka pembeni ya mstari akilelewa na mchezaji wa akiba. Katika hali hiyo ushindi una maana tofauti kidogo. Msichana aliyefukuzwa nyumbani kwa ajili ya mimba, ambaye Jumamosi anaitwa nahodha mbele ya watu wa mtaa wake, amepata kitu ambacho cheti cha ushonaji peke yake hakimpi, na si kutia chumvi kusema kwamba wazazi wengine hurudiana na binti zao kwenye mstari wa uwanja kabla ya kurudiana nyumbani.

Sasa yafaa kuuliza kocha huyu anapanda kwenda wapi. Ngazi rasmi ipo. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, limeweka leseni za ukocha kuanzia daraja D, linalohusu watoto na wanaoanza, kupitia C, B na A hadi daraja la juu kabisa linaloitwa Pro, na kozi za madaraja ya chini huendeshwa nchini na TFF. Kwa upande wa taaluma ya michezo kwa jumla, Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, hutoa mafunzo ya ukocha na uongozi wa michezo, na aliyepita huko anaweza kuwa afisa michezo wa halmashauri, ambacho ni cheo halisi katika utumishi wa umma. Kikwazo ni fedha na muda: kozi ya leseni huchukua majuma, hulipiwa, na mara nyingi hufanyika mbali, wakati ambapo mkufunzi anatakiwa awe darasani. Wengi hubaki na leseni ya kwanza maisha yao yote, na wengine hufundisha bila leseni kabisa, kwa uzoefu wa kucheza ujanani.

Mfano wa mtu aliyepanda kutoka katika ardhi hii upo, ingawa hakupitia chuoni. Bakari Shime, aliyeiongoza Serengeti Girls kule India, aliyetwaa na Twiga Stars ubingwa wa COSAFA, mashindano ya nchi za kusini mwa Afrika, mwaka 2021 na kuirudisha timu hiyo katika fainali za Afrika zilizochezwa Morocco mwaka 2025, aliwahi kuifundisha Mgambo JKT, timu ya kikosi cha jeshi la kujenga taifa kilichopo Kabuku, wilayani Handeni. Mgambo ilikuwa moja ya timu tatu za Tanga, pamoja na Coastal Union na African Sports, zilizoshuka daraja kwa pamoja mwaka 2016, msimu ambao mkoa huu unaukumbuka kwa uchungu. Kinachofaa kuzingatiwa ni kwamba njia ya Shime ilipita katika taasisi yenye kambi, mishahara na uwanja, na kwamba alifika kwenye soka la wanawake akiwa tayari kocha aliyeiva kwa upande wa wanaume. Njia ya wanawake wenyewe ni nyembamba zaidi: Esther Chabruma aliichezea Twiga Stars kabla ya kuifundisha JKT Queens, na Edna Lema aliifundisha Yanga Princess, lakini klabu zenye fedha hazikusita kumkabidhi mwanamume timu ya wanawake pale zilipotaka matokeo ya haraka, kama Simba Queens ilivyofanya kwa Charles Lukula na baadaye kwa Juma Mgunda, mwana wa Tanga, aliyetwaa nayo ubingwa wa msimu wa 2023/24.

Marekani, ambako ukocha wa chuo ni taaluma kamili, inatoa mfano wa kile kinachoweza kutokea fedha zikifika. Sheria ya mwaka 1972 inayojulikana kama Title IX ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, na vyuo vikalazimika kuwapa wanawake timu, viwanja na ufadhili wa masomo. Mpira wa wanawake ukawa ajira. Anson Dorrance aliiongoza timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha North Carolina tangu ilipoanza mwaka 1979 hadi alipostaafu mwaka 2024, akitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo, NCAA, mara 21. Lakini sheria hiyo hiyo ilikuwa na matokeo ambayo watunzi wake hawakuyatarajia: mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake za vyuo vya Marekani, katika michezo yote, zilifundishwa na wanawake, na kazi hiyo ilipoanza kulipa, idadi hiyo ikashuka chini ya nusu. Hata katika Kombe la Dunia la Wanawake la mwaka 2023 timu 12 tu kati ya 32 ziliongozwa na makocha wanawake, mmoja wao Desiree Ellis wa Afrika Kusini.

Kwa Korogwe na Handeni jambo hilo lina uzito wa pekee. Kwa sasa kazi hailipi, na kwa hiyo haigombewi. Mkufunzi wa kike anayeipenda anaweza kuipata kwa kunyoosha mkono. Huu ndio wakati wa kumpeleka kwenye kozi ya leseni, akiwa bado yeye peke yake anayeitaka, ili siku udhamini utakapofika akutwe na vyeti mkononi. Wanaosema kwamba kocha bora achaguliwe bila kujali jinsia wana hoja, ila hoja hiyo huwa ya haki pale tu ambapo wote wamepata nafasi ya kusoma.

Inabaki hesabu iliyotajwa mwanzoni. Kila mchezaji wa timu ya chuo cha ualimu ni mwalimu wa kesho, na mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 inampa shuleni somo la Sanaa na Michezo, ambalo kwa sehemu kubwa humwangukia mwalimu yeyote anayeonekana kuliweza. Msichana aliyejifunza Korogwe kutuliza mpira, kupasha mwili vizuri na kuzungumza na wachezaji kuhusu hedhi bila haya, akipangiwa shule ya msingi Kwamsisi, Mombo au Msomera, anakuwa pale kocha wa kwanza wa watoto wa kike ambao hakuna klabu itakayowafikia. Kocha mmoja anayedumu chuoni miaka kumi anaweza kuwa amewaandaa walimu wa namna hiyo zaidi ya mia, na njia hiyo ndiyo ile ile iliyotumiwa na vijana wa Kiungani, isipokuwa safari hii wanaobeba mpira ni wanawake. Chuo kingeweza kuijua hesabu hiyo kwa daftari moja la wahitimu waliocheza, shule walizokwenda, na kama shule hizo zina timu ya wasichana. Afisa michezo wa wilaya angelitumia daftari hilo hilo kupanga mashindano.

Mnyororo huu hukatika katika sehemu moja ambayo kocha hana mamlaka nayo. Wahitimu wa ualimu nchini ni wengi kuliko nafasi za ajira zinazotangazwa, na wengi hukaa nyumbani miaka kadhaa wakisubiri, au wakijitolea katika shule za kata kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi. Miongoni mwao wamo wachezaji wa jana wa timu za vyuo. Wapo wanaowakusanya watoto wa mtaa jioni na kuwafundisha bila cheo wala barua, wakitumia mipira ya kuazima. Na wapo walioweka njumu kando, wakafungua genge la mboga, na ujuzi waliopewa kwa miaka miwili hauna mtoto wa kupokea.